Vishikwambi vya Los Angeles na Fedha za Mara Moja

Mwezi Juni 2013, bodi ya shule za umma za Los Angeles ilipitisha mkataba wa dola milioni 30 na kampuni ya Apple. Los Angeles ni ya pili kwa ukubwa kati ya wilaya za shule za Marekani, ikitanguliwa na New York peke yake, na mkataba huo ulikuwa hatua ya kwanza tu. Mpango mzima ulikadiriwa kugharimu takriban dola bilioni 1.3, kwa lengo la kumpa kila mwanafunzi kishikwambi chake cha iPad, kuanzia mtoto wa chekechea hadi kijana anayemaliza sekondari, jumla ya wanafunzi zaidi ya 600,000. Kila kishikwambi kilihesabiwa dola 678, pamoja na masomo ya kidijitali yaliyotayarishwa na kampuni ya Pearson. Haikutimia miaka miwili, mkataba ulikuwa umesimamishwa, mkurugenzi aliyeusukuma, John Deasy, alikuwa amejiuzulu, wapelelezi wa FBI walikuwa wamebeba maboksi ya nyaraka kutoka makao makuu ya wilaya, na wanasheria wa wilaya walikuwa wanadai fedha zirudishwe.

Ili kuelewa jambo hili lilivyotokea, ni vizuri kujua wilaya ya shule ya Marekani ni kitu gani. Huko si wizara iliyoko Washington inayoamua mtoto wa California asome kwa kitabu gani au kwa mashine gani. Nchi hiyo ina wilaya za shule zipatazo 13,000, na kila moja ina bodi yake, mara nyingi iliyochaguliwa kwa kura na wakazi wenyewe, ina mkurugenzi inayemwajiri na kumfukuza, ina bajeti inayotegemea kodi za majengo za eneo lake pamoja na fedha za jimbo, na ndiyo inayoajiri walimu na kutangaza zabuni. Nyingine zina shule mbili tatu za kijijini, nyingine ni kubwa kuliko wizara za elimu za nchi kadhaa. Kwa hiyo katika miaka 20 na ushei iliyopita, maelfu ya bodi hizi zimefanya uamuzi ule ule kila moja kwa njia yake: kununua kompyuta za wanafunzi. Ni nadra kupata mahali pengine ambapo jambo moja limejaribiwa mara nyingi namna hiyo, kwa fedha nyingi namna hiyo, huku hesabu zikiwekwa wazi kwa umma. Sisi tunaoambiwa kwamba kishikwambi ndicho mustakabali wa shule tuna sababu nzuri ya kusoma matokeo yao kwa makini.

Kilichovuma zaidi kuhusu Los Angeles ni mambo mawili. La kwanza lilitokea wiki chache tu baada ya vifaa kugawiwa. Katika sekondari ya Theodore Roosevelt, wanafunzi wapatao 300 waligundua kwamba wakifuta taarifa za utambulisho zilizowekwa na wilaya, kizuizi cha mtandao kinaondoka na wanaweza kuingia popote wapendapo. Vishikwambi vikakusanywa, na ruhusa ya kwenda navyo nyumbani ikasitishwa. La pili lilikuja Agosti 2014, zilipotolewa hadharani barua pepe zilizoonyesha kwamba Deasy na msaidizi wake walikuwa wakizungumza na Apple na Pearson kabla zabuni haijatangazwa. Waendesha mashtaka wa serikali kuu waliamua baadaye, mwaka 2017, kutomfungulia mtu yeyote kesi. Lakini watu wengi walibaki na picha ya watoto watundu na wakubwa wenye urafiki wa mashaka na wauzaji, na wakahitimisha kwamba mpango uliangushwa na hayo mawili.

Mimi naona sababu hizo ni za juu juu. Tuchukue kwamba hakuna mwanafunzi aliyevunja kizuizi na hakuna barua pepe iliyoandikwa. Mpango ungekwama vilevile. Masomo ya Pearson yaliponunuliwa yalikuwa hayajakamilika. Walimu walipewa sehemu chache za mfano na ahadi kwamba nyingine zinakuja. Watafiti walioajiriwa na wilaya yenyewe kutathmini mwaka wa kwanza walitembelea madarasa 245, na katika madarasa hayo yote walimkuta mwalimu mmoja tu akitumia masomo hayo ya kulipiwa. Mitihani mipya ya jimbo ilihitaji mwanafunzi aandike kwa kuchapa, na vishikwambi vilikuja bila kibodi, kwa hiyo ikabidi kibodi zitafutiwe fedha nyingine. Wazazi walipouliza nani atalipa kifaa kikipotea au kikivunjika, majibu yalitofautiana kutoka shule hadi shule. Mitandao ya ndani ya shule nyingi ilikuwa haijaimarishwa. Hakuna hata moja kati ya haya linalohusu utundu wa mtoto. Yote yanahusu kazi inayoanza siku ya pili baada ya kifaa kufika, kazi ambayo haikuwa na fungu.

Kwa nini haikuwa na fungu? Hapa ndipo kiini cha suala kilipo, na ndipo magazeti yalipopita haraka. Sehemu kubwa ya fedha za mpango ilitoka katika hatifungani ambazo wapiga kura wa Los Angeles waliziidhinisha kwa ajili ya kujenga na kukarabati shule. Hatifungani ni mkopo ambao walipa kodi huurudisha taratibu kwa miaka mingi, pengine 25. Unafaa sana kwa jengo, kwa kuwa jengo litakuwapo bado deni likimalizika. Kishikwambi cha mwanafunzi, kwa kadiri kitakavyotunzwa, huchoka baada ya miaka mitatu minne. Mtoto aliyepewa iPad ile akiwa darasa la kwanza atakuwa mtu mzima anayelipa kodi ya deni la kifaa kilichotupwa yeye akiwa bado shule ya msingi. Na kuna jambo zito zaidi. Sheria ya California iliyopitishwa kwa kura mwaka 2000 inakataza fedha za hatifungani za namna hiyo kulipia mishahara ya walimu au gharama za uendeshaji. Maana yake wilaya ilikuwa na mamilioni ya kununua vifaa, na kisheria haikuweza kuyagusa mamilioni hayo kumlipa mkufunzi wa kukaa na walimu mwaka mzima, au fundi wa kukaa shuleni. Aina ya fedha iliyopatikana ndiyo iliyoamua mpango uwe wa namna gani, kabla hata mwalimu mmoja hajaulizwa anahitaji nini.

Huu ndio ugonjwa ninaouona ukijirudia, katika wilaya tajiri na maskini, Marekani na kwingineko: teknolojia ya darasani ni gharama ya kudumu inayonunuliwa kana kwamba ni kitu cha mara moja. Mtu aliyepata fedha za mirathi akanunua ng'ombe wa maziwa bila kufikiria majani, dawa na mchungaji hawezi kumlaumu ng'ombe maziwa yakikauka. Vivyo hivyo kifaa kina majani yake: chaji na umeme, mtandao wa kila mwezi, leseni za programu zinazolipiwa kila mwaka, matengenezo, ulinzi wa taarifa za watoto, na kilicho ghali kupita vyote, muda wa mwalimu wa kujifunza, kujaribu, kukosea na kuandaa somo upya. Fedha za mara moja, ziwe hatifungani, ruzuku, msaada wa wafadhili au ahadi ya kampeni, hupenda vitu vinavyohesabika na kupigwa picha. Muda wa mwalimu hauna picha.

Msomaji anaweza kusema kwamba ninachagua mfano mbaya kuliko yote ili nishinde hoja. Basi tuangalie upande wa pili. Katika mji mdogo wa Mooresville, jimbo la North Carolina, kuna wilaya ya shule ambayo kufikia mwaka 2012 ilikuwa imegawa kompyuta mpakato kwa wanafunzi wapatao 4,400, wa darasa la 4 hadi la 12. Wilaya hiyo haikuwa tajiri. Katika orodha ya wilaya 115 za jimbo hilo, ilikuwa ya 100 kwa kiasi kinachotumika kwa kila mwanafunzi. Hata hivyo wanafunzi waliomaliza sekondari walipanda kutoka asilimia 80 mwaka 2008 hadi 91 mwaka 2011, na wale waliofikia kiwango katika mitihani ya jimbo ya kusoma, hisabati na sayansi walipanda kutoka wastani wa asilimia 73 hadi 88 katika miaka mitatu. Wageni walimiminika kutoka wilaya nyingine kwenda kutazama. Mkurugenzi wake, Mark Edwards, alichaguliwa mwaka 2013 kuwa mkurugenzi bora wa mwaka wa taifa zima.

Kilichonivutia katika hesabu za Mooresville ni namna walivyolipa. Hawakununua kompyuta, walizikodi, kwa takriban dola 215 kwa mwaka kila moja, dhamana ya matengenezo ikiwa ndani yake. Gharama hiyo iliingia katika bajeti ya kila mwaka kama mishahara na umeme. Kila familia ilichangia dola 50 kwa mwaka kwa matengenezo, na wasio na uwezo walisamehewa. Walimu walipata kompyuta zao miezi kadhaa kabla ya wanafunzi, wakaendelea kufundishwa mwaka hadi mwaka. Na kwa kuwa fedha za kila mwaka haziongezeki kwa kutamani, wilaya ililazimika kukata mahali pengine: nafasi 65 za kazi zilifutwa, 37 kati yake zikiwa za walimu, na madarasa yakawa makubwa zaidi. Huo ni uchungu wa kweli, na kuna walimu waliopinga. Lakini angalia tofauti. Mooresville ilipoandika teknolojia katika bajeti ya kudumu, ililazimika kujiuliza waziwazi kompyuta hii ina thamani kuliko nini. Swali hilo halikuwahi kuulizwa Los Angeles, kwa sababu fedha za hatifungani zilionekana kama hazimnyang'anyi mtu chochote.

Wala nisiikuze Mooresville kupita kiasi. Wachumi Marie Hull na Katherine Duch walipochambua takwimu zake kwa undani na kuchapisha matokeo mwaka 2019, walikuta alama za hisabati zimepanda kwa kiasi cha wastani baada ya miaka kadhaa, na katika kusoma hawakupata mabadiliko ya wazi. Faida ilikuwapo, ilikuwa ndogo kuliko wageni walivyosimuliwa, na ilichukua muda kuonekana. Hilo la muda ni la kuzingatia sana. Wilaya inayotaka kuonyesha matokeo kabla ya uchaguzi ujao wa bodi haitayapata kwa njia ya halali.

Jimbo la Maine linatoa ushahidi mwingine, wa muda mrefu zaidi. Gavana Angus King alitumia ziada ya bajeti kuanzisha mwaka 2002 mpango wa kumpa kila mwanafunzi wa darasa la 7, kisha na wa darasa la 8, kompyuta mpakato. Mkataba wa kwanza na Apple, wa takriban dola milioni 37 kwa miaka 4, ulijumuisha mtandao usiotumia waya ndani ya shule, matengenezo na mafunzo ya walimu, na kila shule ilikuwa na mwalimu aliyepewa jukumu la kuwaongoza wenzake. Matokeo yaliyojitokeza mapema yalikuwa katika uandishi: mwaka 2000 asilimia 29 ya wanafunzi wa darasa la 8 walifikia kiwango katika mtihani wa kuandika, na mwaka 2005 walikuwa asilimia 41. Inaeleweka. Kompyuta humrahisishia mtoto kuandika rasimu, kufuta, kupanga upya, na mwalimu anayejua kufundisha insha huitumia fursa hiyo. Baada ya hapo, kadiri miaka ilivyopita na msisimko kupungua, mafunzo yalitofautiana sana kutoka wilaya hadi wilaya. Shule zenye uwezo ziliendelea kuyalipia, zisizo na uwezo zilibaki na mashine. Alama za jumla za jimbo hazikupanda kama ilivyotarajiwa, na gavana wa baadaye, Paul LePage, akausema hadharani mpango kuwa umeshindwa. Tatizo halikuwa kwamba kompyuta za mwishoni zilikuwa mbaya kuliko za mwanzo. Za mwishoni zilikuwa bora. Kilichopungua ni kile cha pembeni yake.

Sasa nije kwenye pingamizi ninaloliheshimu kuliko yote. Deasy alipotetea mpango wake alizungumza kama mtetezi wa haki. Watoto wengi wa Los Angeles wanatoka katika familia za kipato kidogo, nyingi zikiwa za wahamiaji wa Amerika ya Kilatini. Mtoto wa tajiri ana kompyuta nyumbani tangu anajifunza kutembea. Ukimwambia mtoto wa maskini asubiri mpaka bajeti ikae sawa, walimu wafundishwe na mtandao ukamilike, unamwambia asubiri maisha yake yote, kwa kuwa siku ya kuwa tayari kabisa haifiki. Hoja hii ina nguvu, na mwaka 2020 ilipata ushahidi mchungu. Shule zilipofungwa kwa sababu ya korona mwezi Machi, Los Angeles ililazimika kutenga dola milioni 100 kwa haraka ili wanafunzi wasio na kompyuta wala intaneti nyumbani wapate. Watoto ambao hawakufikiwa walipotea kwa walimu wao kwa wiki kadhaa. Hakuna anayeweza kutazama hali hiyo akasema kompyuta ni anasa.

Nakubali yote hayo, na bado nasema haki hiyo hailindwi na fedha za mara moja. Tazama yaliyofuata. Sheria tatu za dharura zilizopitishwa na Bunge la Marekani kati ya 2020 na 2021 zilizipa shule takriban dola bilioni 190. Sehemu yake ilinunua kompyuta kwa mamilioni, nyingi zikiwa Chromebook za bei nafuu. Fedha hizo zilikuwa na ukomo: wilaya zilipaswa kuwa zimezipangia matumizi kufikia mwisho wa Septemba 2024. Wakati huo huo Chromebook nazo zina tarehe yao ya mwisho, kwani baada ya muda fulani mfumo wake hupoteza haki ya kupata masasisho ya usalama, hata kama kioo na betri bado ni vizima. Wanaharakati wa haki za watumiaji walilipigia kelele jambo hilo mwaka 2023, na Septemba mwaka huo Google, yenye mfumo huo, ikatangaza kuongeza muda hadi miaka 10. Ilikuwa nafuu kubwa, ila haikuondoa tatizo la msingi. Wilaya inayotegemea kodi nono za majengo hubadilisha vifaa vyake bila kelele. Wilaya ya maskini iliyonunua kwa fedha za dharura inarudi pale ilipokuwa. Aliyeahidiwa usawa mwaka 2020 anajikuta na kifaa kilichokufa, na safari hii hakuna sheria ya dharura. Kama ni suala la haki, basi ni haki ya kila mwaka, na mahali pake ni katika bajeti inayojirudia.

Kenya inaijua hadithi hii kwa gharama yake. Katika kampeni za mwaka 2013, Uhuru Kenyatta na William Ruto waliahidi kompyuta mpakato kwa kila mtoto anayeingia darasa la kwanza. Zabuni ya kwanza ikabatilishwa mwaka uliofuata, kompyuta mpakato zikageuka vishikwambi, na mwaka 2016 mpango ukaanza chini ya makundi mawili yaliyounganisha vyuo vikuu vya Moi na Jomo Kenyatta na kampuni za kigeni. Vifaa zaidi ya milioni moja vilifika katika shule zaidi ya 21,000. Mwaka 2019 serikali ikabadili mwelekeo kutoka kifaa kwa kila mtoto kwenda maabara za kompyuta za kutumiwa kwa pamoja. Si kila kitu kilipotea. Ili vishikwambi viwashwe, ilibidi umeme upelekwe, na karibu shule zote za msingi za umma zikaunganishwa. Ninaamini huko mbele hilo litaonekana kuwa ndilo tunda kubwa la mpango mzima, hata kama halikuwa katika mabango ya kampeni.

Lakini Kenya hiyo hiyo ndiyo iliyotoa mojawapo ya majaribio mazuri kuliko yote kuhusu suala hili, nalo linajulikana kidogo mno nyumbani. Katika kaunti ya Kisumu, watafiti wakiongozwa na Benjamin Piper walilinganisha njia tatu za kutumia vifaa kufundisha kusoma katika madarasa ya mwanzo. Katika kundi moja, vishikwambi walipewa washauri wa elimu wanaozunguka kuwatembelea walimu. Katika la pili walipewa walimu. Katika la tatu wanafunzi wenyewe walipewa vifaa vya kusomea vitabu. Makundi yote matatu yalifanya vizuri kuliko shule za kawaida. Ila matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2016, yalionyesha pia kwamba hayakuzishinda kwa kiasi cha maana shule zilizopata vitabu, miongozo ya mwalimu na ziara za washauri bila kifaa chochote. Kati ya njia za vifaa, iliyoleta faida kubwa kwa kila shilingi ilikuwa ile ya kumpa mshauri, mtu mmoja anayehudumia shule nyingi. Mpango wa kitaifa wa Tusome, ulioanza mwaka 2015, ulichukua njia hiyo: kitabu kwa kila mtoto, na kishikwambi kwa mshauri, kilichomsaidia kurekodi alichokiona darasani, kumpa mwalimu ushauri papo hapo, na hata kuthibitisha kwamba kweli alifika shuleni kabla ya kurudishiwa nauli. Hakuna mwanasiasa anayeweza kusimama jukwaani na kishikwambi cha mshauri akapigiwa vigelegele. Hata hivyo hiyo ndiyo iliyokuwa kazi bora ya kifaa.

Kuna pingamizi la mwisho, linalotoka kwa watu wenye mapenzi mema na teknolojia. Wanasema: unamtegemea mwalimu, na mwalimu mwenyewe hayupo au hatoshi, darasa la watoto 90 halina namna ila mashine, na mtoto akiachwa na mashine hujifunza mwenyewe. Imani hii ina mizizi ya heshima, ikiwemo kazi ya Seymour Papert, mwanahisabati aliyeishi Maine na kuushauri mpango wa jimbo hilo. Peru iliifuata kwa ukamilifu. Iligawa kompyuta ndogo zaidi ya 850,000, nyingi katika shule za vijijini, na Benki ya Maendeleo ya Amerika ilipopima mwaka 2012 katika shule 319, haikuona tofauti yoyote katika hisabati wala lugha. Watoto walijua kutumia kompyuta. Kwa upande mwingine, huko Delhi, programu iitwayo Mindspark iliwapandisha wanafunzi wa familia maskini kwa kiasi kikubwa katika hisabati na Kihindi ndani ya miezi michache, kwa mujibu wa utafiti wa Karthik Muralidharan na wenzake uliochapishwa mwaka 2019. Kwa hiyo mashine inaweza. Lakini Mindspark ilikuwa na kazi moja iliyofikiriwa vizuri: kumpima kila mtoto yuko wapi hasa, na kumpa zoezi la kiwango chake badala ya kiwango cha darasa lake. Na ilifanyika katika vituo vya masomo ya ziada, siku 6 kwa wiki, nusu ya muda mtoto akiwa kwenye kompyuta na nusu nyingine akiwa na mwalimu katika kikundi kidogo. Anayeipenda Delhi na anunue Delhi nzima, pamoja na mwalimu huyo na mshahara wake.

Nimekaa muda mrefu kwenye mambo ya miaka iliyopita kwa sababu wimbi jipya tayari limefika. Machi 2024, Los Angeles hiyo hiyo, chini ya mkurugenzi mwingine, Alberto Carvalho, ilizindua kwa shangwe programu ya akili bandia iliyopewa jina Ed, yenye umbo la jua linalotabasamu, ya kuzungumza na wanafunzi na wazazi kuhusu masomo yao. Mkataba na kampuni changa ya AllHere ulikuwa wa hadi dola milioni 6. Miezi mitatu baadaye kampuni ilikuwa imeachisha kazi wafanyakazi wake wengi na programu ikazimwa, wilaya ikiwa imeshalipa takriban nusu ya fedha hizo. Kabla mwaka haujaisha, mwanzilishi wa kampuni alishtakiwa kwa tuhuma za kuwalaghai wawekezaji. Tena mtu anaweza kumtazama mshtakiwa tu. Mimi natazama wilaya iliyokabidhi mazungumzo na watoto wake kwa kampuni ambayo haikuweza kumaliza hata mwaka mmoja wa shule, ilhali wilaya hiyo yenyewe, mwaka 2022, ilikuwa imevamiwa na wadukuzi waliomwaga taarifa zake mtandaoni baada ya kunyimwa fidia. Ulinzi wa taarifa nao ni gharama isiyo na siku ya mwisho.

Tanzania, vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 vilielekezwa kwa walimu. Naona ni uamuzi mzuri, kwanza kwa sababu vilikwishanunuliwa, na pili kwa sababu vimeenda kwa mwalimu kabla ya mwanafunzi, kama Mooresville walivyofanya na kama ushahidi wa Kisumu unavyoelekeza. Kinachobaki ni maswali ambayo kamati ya shule, diwani au mzazi yeyote anaweza kuyauliza katika kikao cha bajeti bila kuwa mtaalamu wa kompyuta. Fungu la bando la mwalimu liko katika mstari gani? Kioo kikipasuka, nani anatengeneza, kwa fedha ipi, na ndani ya siku ngapi? Nani anakaa na mwalimu wa darasa la tatu kumwonyesha namna ya kukitumia katika somo la kusoma la wiki ijayo, na mtu huyo analipwa na nani mwaka kesho kutwa, wafadhili wakiwa wameondoka? Ikifika siku betri hazishiki chaji tena, tumeweka akiba kiasi gani kuanzia leo? Halmashauri yenye majibu ya maandishi kwa maswali haya inaweza kuanza na vifaa 20 tu na kupiga hatua. Isiyo na majibu hayo, hata ikipewa vifaa bure, iombe kwanza muda wa kuyaandika.